Wimbo Uliovuka Masale

Nilimwahidi bibi yangu, mama yake baba, kwamba kabla hajafa atawasikia wanawe wawili wakiimba pamoja. Niliitoa ahadi hiyo asubuhi, nikiwa nimeshika bakuli la mtori wa ndizi, naye akiwa ameegemea mito karibu na dirisha la sebuleni, mahali tulipokihamishia kitanda chake baada ya miguu kumkatalia. Hakuniomba kwa machozi. Alimeza kwanza, akafuta mdomo kwa upindo wa khanga, kisha akasema, "Mume wangu, wewe umesoma. Nitafutie namna."

Bibi alikuwa na desturi ya kuniita mume wake tangu nilipokuwa mtoto, na kwa kawaida tulicheka. Asubuhi ile hatukucheka. Nilikuwa nimerudi nyumbani Mwika kutoka chuo cha ualimu, nikisubiri kupangiwa shule, na niliamini kwa moyo wote kwamba hakuna jambo jema linaloweza kumshinda mtu mwenye nia safi. Nikamjibu, "Nitaipata, bibi." Ni baada ya kurudisha bakuli jikoni ndipo nilipotambua uzito wa nilichokisema.

Wanawe wawili walikuwa baba yangu, kitinda mimba, aliyerithi nyumba ya wazazi kama ilivyo mila yetu, na kaka yake, baba yangu mkubwa, aliyegawiwa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kinachopakana na chetu. Kati ya vihamba hivyo viwili palikuwa na ua wa masale, ile mimea yenye majani marefu ya kijani ambayo wazee wetu waliipanda kuonyesha mpaka. Zamani ukipiga chafya upande wetu, upande wa pili walikuitikia afya. Lakini nilipokuwa kidato cha tatu, biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa kila mwenye gari na mzani, bei ikaporomoka, na baba mkubwa akaamua kukata safu ya mikahawa iliyokuwa mpakani ili apande nyanya. Mikahawa ile ilipandwa na marehemu babu kwa mikono yake. Baba alipotoka kanisani Jumapili moja na kuikuta imelala chini, alidai pia kwamba masale mawili yamesogezwa kuelekea upande wetu. Baba mkubwa alikana. Yakasemwa maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia ndugu yake, wala sitayaandika.

Mwisho wa maneno hayo ulikuwa viapo viwili. Baba alisema kwamba kaka yake hatakanyaga ua wake tena mpaka aje na jani la isale mkononi. Msomaji asiyetoka kwetu na ajue kwamba isale si mpaka tu. Aliyekosa akija kwako ameshika jani lake, anaomba msamaha, na huwezi kumfukuza. Ukimfukuza, kosa linahamia kwako. Baba mkubwa naye akaapa kwamba hataomba msamaha kwa kulima shamba lake mwenyewe. Kijia kilichopita katikati ya ua kikazibwa kwa masale mapya, yakashika, yakafungamana.

Bibi alibaki upande wetu. Kwa miaka kadhaa alimwona mwanawe wa kwanza kanisani tu, baada ya misa, wakasimama kidogo kando ya kengele huku baba akisubiri barabarani na kujifanya anaangalia mawingu ya mlima. Miguu ilipomkatalia, hata hilo likaisha. Tangu masika ianze alikuwa hajamwona, ilhali moshi wa jiko la mwanawe aliuona kila jioni kupitia dirishani.

Njia niliyoifikiria kwanza ilikuwa ya maneno. Nilimfuata baba bandani kwa ng'ombe, nikamwambia kwamba bibi anadhoofika, na kwamba imani tunayoikiri kila Jumapili haituruhusu kumwacha afe akiwa na kiu hii. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukatakata majani ya migomba. Kisha akaniuliza kama chuoni walinifundisha pia kukamua. Nikaenda kwa baba mkubwa kwa njia ya barabarani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, akanipa ndizi mbivu. Nilipofika kwenye shabaha ya safari yangu, uso wake ulikunjamana. Alisema jambo moja tu: "Mama yangu yuko nyumbani kwa mtu aliyeniita mwizi. Nikiingia kule na jani, nimekubali kwamba mimi ni mwizi."

Nilirudi nikiwa nimeshindwa kabisa. Hapo ndipo nilipoikumbuka kanda.

Baba na baba mkubwa walikuwa waimbaji wa kwaya ya parokia katika ujana wao, baba akiimba besi, sauti ya chini, na baba mkubwa akiimba tenor, sauti ya juu. Kwenye jubilei moja ya parokia kwaya yao ilirekodiwa, na katika wimbo wa matoleo kulikuwa na kipande ambacho kwaya nzima inanyamaza, wakabaki ndugu hao wawili peke yao. Kanda hiyo bibi aliihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na rozari ya babu. Haikuwa imechezwa tangu ugomvi uanze. Sababu ya kwanza ni kwamba baba hakutaka. Sababu ya pili ni kwamba haikuwezekana.

Redio yetu ilikuwa kubwa, ya kaseti mbili na spika mbili za kusimama pembeni, moja ya vitu vya mwanzo kabisa baba alivyonunua maduka yalipofunguliwa tena baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Kufikia wakati ninaousimulia, sehemu zote mbili za kaseti zilikuwa zinakula kanda. Redio yenyewe tu ndiyo iliyobaki nzima, na hata hiyo ilisikika kwa hila: eriali ilikuwa imevunjika, na baba aliunganisha kisiki chake na waya uliopita dirishani hadi kwenye waya wa kuanikia nguo, ule unaotoka kwenye pembe ya nyumba na kwenda kufungwa kwenye mti uliosimama katikati ya masale. Kwa namna hiyo tulizipata stesheni za mjini ambazo kigongo cha mlima kilitunyima.

Nilichukua kanda, nikateremka nayo mjini Moshi. Nyuma ya stendi kulikuwa na kijana mwenye kompyuta aliyehamisha nyimbo za kwenye kaseti. Aliitazama kanda yangu kwenye mwanga, akatikisa kichwa, akasema kwamba imechoka na kwamba anaweza kuahidi mara moja tu, si mbili. Nilikaa karibu naye nikiwa nimebana viganja katikati ya magoti. Sauti zilianza kutoka, na mvumo kama wa mvua juu ya mabati. Wimbo wa matoleo ulipita salama. Kabla wimbo uliofuata haujafika mwisho, tulisikia mlio mdogo, na magurudumu ya kaseti yakazunguka matupu. Kanda ilikuwa imekatika na kusagika. Tangu dakika hiyo, sauti za baba na baba mkubwa wakiwa pamoja zilibaki ndani ya kompyuta ya mtu nisiyemjua, na nilijua kwamba nikirudi bila kitu cha kuzibeba nitakuwa nimemnyang'anya bibi hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Kitu cha kuzibeba nilikipata Marangu, kwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyekuwa mpagazi wa mlimani. Wageni wakishuka huwaachia wapagazi vitu: viatu, majaketi, taa za kichwani. Yeye aliachiwa kimashine kidogo cha kuchezea muziki, kisichozidi kiberiti, pamoja na kipande kingine cha kuchomekwa humo ambacho hurusha muziki hewani mpaka kwenye redio iliyo karibu, bila waya wowote. Mgeni alikuwa akikitumia kwenye gari. Nilipomweleza binamu shida yangu alikubali kuniazima, lakini hakuacha kunitania.

"Hiki ni stesheni ya redio kamili, mwalimu," alisema akinikabidhi. "Ukifika kwenu usije ukapindua serikali."

Nilikipitisha Moshi kwa yule kijana wa kompyuta, akaniwekea wimbo humo, nikarudi Mwika nao mfukoni, nikaona ni haki kumweleza baba kabla ya kufanya lolote. Sikutaka kutimiza ahadi kwa mlango wa nyuma. Nilimkuta tena bandani. Nikamwambia kanda imekatika, kwamba wimbo umebaki ndani ya kitu hiki, na kwamba nakusudia kuupiga kwenye redio yake ili mama yake ausikie, jioni, wakati yeye mwenyewe anakamua.

Alikitazama kimashine kiganjani mwangu muda mrefu. Nadhani alikuwa akitafuta mahali ambapo sauti yake inaweza kukaa.

"Sauti ya yule sitaki iingie ndani mwangu," alisema.

"Itakuwa imeingia pamoja na yako, baba."

Akachukua ndoo. "Mimi nitakuwa nakamua."

Hakuruhusu, wala hakukataza. Mama, aliyekuwa akipepeta mahindi karibu nasi, aliniambia baadaye kwamba kwa mwanamume wa ukoo ule hiyo ni hotuba ndefu.

Hata hivyo sikuwa na amani. Bibi alitaka kuwasikia wanawe wakiimba pamoja. Mimi nilikuwa naandaa kumsikilizisha vijana wawili ambao hawapo tena, waliokuwa wakipendana kwenye jubilei ya zamani. Nilijiuliza kama huko ni kutimiza ahadi au ni kuipaka rangi. Lakini bibi alikuwa amepunguza kula hadi vijiko vichache, na pumzi yake ilipanda kwa shida. Niliamua kwamba nusu ya ahadi ni bora kuliko jeneza.

Jioni iliyofuata, baba alipochukua ndoo na kutoka, nilianza kazi. Kile kipande cha kurushia kilikuwa na nafasi nne tu za stesheni, zote mwanzoni kabisa mwa safu ya namba za redio. Tatu zilijaa mkwaruzo. Ya nne ilikuwa imeshikana na stesheni ya dini ya mjini, ile ambayo mlima mzima huifungulia jioni kwa ajili ya matangazo ya vifo. Kwetu watu wanaweza kukosa taarifa ya habari, lakini matangazo ya vifo hawakosi. Anayekosa hajui ni mazishi gani atalaumiwa kwa kutohudhuria. Kila siku stesheni ile hutanguliza wimbo wa kwaya, kisha sauti ya mtangazaji inashuka taratibu na kuanza kutaja: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza.

Niliweka kimashine juu ya kabati, nikabonyeza. Sauti ilitoka dhaifu, ikamezwa na stesheni. Nilikisogeza, nikakigeuza, hali ikawa ile ile. Bibi alikuwa amefumbua macho na kunitazama kwa subira iliyonitia haraka. Ndipo nikauona waya wa eriali ukining'inia dirishani. Nilikiviringishia waya ule mizunguko kadhaa, na papo hapo stesheni ikazama, mvumo wa mvua ukajaa sebuleni, na kwaya ya parokia ikaanza kuimba kutoka kwenye spika zote mbili kana kwamba imesimama ukutani.

Sikufikiri kwamba waya unaoweza kuleta sauti ndani unaweza pia kuipeleka nje. Nilisoma fizikia, nilipaswa kulijua. Wakati ule nilikuwa namtazama bibi tu.

Alikuwa ameinua kidole kimoja juu ya blanketi. Kilipofika kile kipande, kwaya ikanyamaza, ikatoka sauti moja ya juu, nyembamba na safi, na nyingine nzito ikaipokea kutoka chini.

"Huyu mkubwa," bibi alinong'ona. Kisha, "Huyu mdogo. Sikia anavyomfuata."

Nje, bandani, mchirizo wa maziwa ndani ya ndoo ulikuwa umesita. Mama alisimama mlangoni na ungo mkononi. Sauti ya juu ilianza kupanda kuelekea mahali ambapo kwaya yote inapaswa kuipokea, na kabla haijafika, umeme ukakatika.

Kijiji kizima kilinyamaza kwa pamoja, kama kawaida yetu. Mwanga uliobaki ulikuwa wa dirishani, wa jua linalotua. Nilizima kimashine upesi ili betri isiishe.

"Umewazima?" bibi aliuliza.

"Umeme, bibi. Umekatika."

"Walikuwa hawajamaliza." Kidole chake kilikuwa bado juu.

Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia kwamba umeme utarudi, ndipo tuliposikia upande wa masale kishindo cha kitu kinachokatwa, mara moja, mara ya pili, na sauti ya mwanamume akilia. Sijawahi kusikia mwanamume mzima wa kwetu akilia namna ile mahali penye watu. Mama aliangusha ungo. Nilitoka mbio.

Baba mkubwa alikuwa anapita ndani ya ua. Hakupita barabarani. Alikuja moja kwa moja kupitia pale palipokuwa na kijia cha zamani, akiyafyeka masale kwa panga, na alipovuka mfereji wa maji uliopo upande wetu mguu uliteleza, akaushika mmea mmoja asianguke, ukang'oka naye. Aliinuka akiwa na panga mkono wa kulia. Baba alikuwa ametoka bandani. Alisimama na ndoo ya maziwa, na mkono wake mwingine uliteremka taratibu ukashika uma wa samadi ulioegemezwa nguzoni.

Nakumbuka nilijiweka katikati yao. Maandishi yote niliyowahi kuyasoma kuhusu amani yalikuwa yameniacha. Niliona panga, niliona meno ya uma, niliona maziwa yakitikisika ndani ya ndoo.

"Mmemtangaza," baba mkubwa alisema. "Mmemtangaza mama redioni kabla ya kuniambia mimi. Nasikia kwenye redio kama mtu wa mbali, wa Sanya Juu. Kama jirani."

Baba hakuelewa. Alinitazama mimi, akamtazama tena kaka yake. Mimi nilielewa. Jikoni kwake, akiwa peke yake maana mkewe alikuwa Arusha kwa binti yao aliyejifungua, baba mkubwa alikuwa amekaa mbele ya redio akisubiri matangazo. Wimbo wa kwaya ukaanza kama siku zote. Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe, na ya mdogo wake. Kanda hiyo ilikuwepo moja tu duniani, ndani ya mkebe wa mama yake. Ingefikaje stesheni, kama si kupelekwa pamoja na tangazo? Na kabla mtangazaji hajasema, umeme ukakatika. Hakuhitaji kusikia zaidi.

Nilitaka kueleza yote hayo, nikaanza kwa kigugumizi habari za waya. Hakuna aliyenisikiliza. Sauti iliyotuokoa ilitoka dirishani.

"Nani huyo analia, nami sijafa?"

Panga lilianguka lenyewe. Baba mkubwa aligeukia dirisha. Bibi alikuwa amejivuta kwenye mto mpaka uso wake ukaonekana juu ya kizingiti, mdogo kama wa mtoto, umefungwa kitambaa cheupe.

"Mama," baba mkubwa alisema.

"Ndiyo mimi. Umeniamkia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko panga. Maana sasa hapakuwa na msiba. Baba mkubwa alijiona amesimama mahali alipokatazwa kukanyaga, amevaa viatu vyenye tope la mfereji, na machozi yake yakionwa na mtu aliyemwita mwizi. Niliona mabega yake yakijikaza. Alifuta uso kwa kiganja, akainama akaokota panga lake, akageuka kuelekea kwenye tundu alilolifyeka. Baba hakumzuia. Bado alikuwa ameshika uma. Hatua chache zaidi, na ua ule ungezibwa tena kesho yake kwa masale mapya, na safari hii bibi asingekuwa na muda wa kusubiri yachakae.

"Mjukuu wangu," bibi aliita. Hakuniita mume wake. "Macho yangu hayafiki hapo. Baba yako mkubwa ana nini mkononi?"

"Ana panga, bibi."

"Mkono wa pili."

Nilitazama. Sote tulitazama, na nafikiri yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kutazama. Ule mmea alioushika asianguke alikuwa bado ameung'ang'ania, majani yake marefu yakiburuta chini.

"Ana isale," nilisema.

"Ni la ua, mama," baba mkubwa alisema haraka. "Nilishika nisianguke. Sikuja nalo."

"Sikuuliza umelipata wapi," bibi alisema. "Nimeuliza una nini." Kisha akainua sauti kidogo, na ilimgharimu, maana alikohoa kabla ya kuendelea. "Na wewe mdogo. Ulisema aje na nini?"

Baba alilitazama lile isale. Tumbili mmoja alipiga kelele mbali, kule juu kwenye msitu, akanyamaza. Nilimwona baba akipima. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa mbele yake, imeng'olewa na mizizi yake, ina udongo. Angeweza kusema kwamba jani la bahati mbaya halihesabiki. Kaka yake alikuwa ameshamfungulia mlango huo kwa ukweli wake mwenyewe. Na baba mkubwa angeweza kulitupa. Kidole kimoja tu kingefunguka, likaanguka. Hakulitupa. Aliendelea kulishika, akitazama chini, na niliona kwamba sasa analishika kwa makusudi.

Baba aliegemeza uma nguzoni. Akaweka ndoo chini. Akajifuta mikono yote miwili kwenye suruali, akatembea hadi kwa kaka yake, akalipokea lile isale kwa mikono miwili kama tunavyopokea kitu cha thamani.

"Ingia ndani," alisema. "Umeloa."

Hayo ndiyo maneno yote ya upatanisho niliyoyasikia.

Sebuleni hapakuwa na taa ila kibatari alichokiwasha mama. Baba mkubwa alipiga magoti kando ya kitanda, bibi akampapasa uso, masikio, shingo, kama anayekagua mtoto aliyerudi kutoka shule ya bweni. Baba alikaa kwenye kiti upande wa pili, isale limelazwa juu ya mapaja yake, asijue pa kuliweka. Mimi nilieleza habari ya waya, na safari hii walinisikiliza. Baba mkubwa alikitazama kimashine, akasema, "Kumbe ndiwe uliyemuua mama." Mama alicheka kwanza. Baba alijikaza, akashindwa.

"Walikuwa hawajamaliza," bibi alisema.

Sote tuliitazama redio juu ya kabati.

"Umeme bado, bibi," nilisema.

"Kwani hawa wanakula umeme?"

Baba alisema amesahau maneno. Baba mkubwa akamwambia kwamba hakuwahi kuyajua; tangu zamani alikuwa anamtazama yeye mdomo. Baba akamjibu kwamba afadhali yeye alitazama mdomo, wapo waliokuwa wakitazama masoprano. Bibi aliwaambia wote wawili wafunge midomo, kisha waifungue vizuri.

Walianza vibaya. Baba mkubwa alianzia juu, pale ilipoishia sauti ya kijana wa kwenye kanda, na koo likamkatalia. Akakohoa, akashuka, akaanza upya chini zaidi, na baba akalazimika kushuka naye hadi mahali ambapo besi inakuwa mngurumo tu. Hawakutazamana. Kila mmoja alitazama blanketi. Walifika kwenye kile kipande cha wawili, na hapakuwa na kwaya ya kuwapokea, kwa hiyo mama alijiunga kutoka mlangoni, nami nikajiunga, na bibi akawa anahesabu kwa kidole, mbele kidogo ya mapigo, akiwaburuta.

Walipomaliza, umeme ulirudi. Ile redio kubwa juu ya kabati iliwaka na kuunguruma, nasi sote tulishtuka. Ilikuwa stesheni ya mjini, katikati ya matangazo. Mtangazaji alikuwa akisoma habari ya mama mmoja mzee wa mbali, na majina ya watoto aliowaacha. Tulisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama tunavyosikiliza siku zote.

"Si mimi," bibi alisema, akafumba macho.

Aliishi mpaka mwanzo wa msimu wa kuchuma kahawa. Katika muda huo baba mkubwa alikuja kila jioni kupitia tundu alilolifyeka, ambalo hakuna aliyelizungumzia na hakuna aliyeliziba kwa masale mapya. Suala la masale mawili halikwisha. Liko mbele ya wazee wa ukoo mpaka leo, na ndugu hao bado hulibishania kwa sauti, wakiwa wamekaa benchi moja. Bibi alipofariki, baba mkubwa alikuwa amemshika mkono. Ni yeye aliyeteremka mjini kupeleka tangazo. Baba ndiye aliyemtuma.

Nilimrudishia binamu yangu kimashine chake. Sijui kama nilitimiza ahadi yangu au ilitimizwa na umeme uliokatika, na nimeacha kulitafuta jibu hilo.

Ninakuomba jambo moja, msomaji. Kama kuna ndugu yako ambaye hamsalimiani, na mzazi wenu bado yu hai, nenda kwake wiki hii, kabla redio haijakutangulia.